Pumzi Aliyoivuta Kola

Haya, tegua hiki kabla hatujafika mbali. Nina nyumba ya vyumba viwili, kimoja juu, kimoja chini, na kati yake kuna dari. Nikivuta, dari inashuka. Nikishusha, dari inapanda. Ikitulia, mwenye nyumba kahama. Ni nini? Usiniambie moyo, kila mtu husema moyo. Wala usinipe mji, miji nimeshapewa mingi na sina pa kuiweka. Kaa nacho, jibu utalikuta njiani.

Kwenye korido ya hospitali, nje ya chumba cha mwisho kinachopakana na chumba cha kufulia mashuka, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya benchi lenye nafasi. Wagonjwa wenzake walisogea wakampigia-pigia mbao za benchi.

"Kaa, dada."

"Nashukuru. Nimezoea."

Kukaa alikuwa anaweza. Kuinuka ndiko kulikokuwa na maneno. Kazini, kengele ya jioni ikilia, wenzake wawili humshika makwapa wakamtoa kwenye kiti cha cherehani kama watu wanaohamisha kabati. "Polepole," mmoja husema, "tusije tukavunja kioo." Wakicheka, naye hucheka, lakini kwa mdomo tu, maana kifua chake hakikuwa na nafasi ya kicheko.

Walimwita Kola kwa sababu alishona kola za mashati, na hapakuwa na mtu aliyegeuza ncha ya kola ikachongoka kama yeye. Alikuwa bado hajafika umri wa kulalamikia viungo. Ulianza kukaza mgongo, ikafuata shingo, kisha mabega, mpaka akawa anatembea mzima mzima kama mlango uliobebwa. Akitaka kutazama nyuma, ilibidi ageuke na miguu. Na sasa msimamizi wa kiwanda alikuwa amemwambia neno la mwisho: "Kipande kikianguka unamwita mwenzio akuokotee. Hiki ni kiwanda, si harusi. Mwisho wa mwezi nitaangusha kitambaa mbele yako. Ukiinama, unabaki. Usipoinama, nyumbani kwenu kuna nafasi."

Mlango ulifunguka, Kola akaingia. Mwanamke wa ndani alikuwa mfupi, mnene, mwenye vidole vifupi vya moto. Mlangoni walimwandikia jina refu la kazi yake, lakini wagonjwa walimwita Mkandaji, naye aliitika.

"Inama uguse magoti."

Kola akainama. Kilichoinama ni macho.

"Mgongo huo," Kola alisema.

"Mgongo hauna kosa, unasingiziwa. Lala chali, kunja magoti." Mkandaji alisimama upande wa kichwa, akaweka mikono chini ya mbavu zake, akatega kama mtu anayesikiliza ukutani. "Hapa kuna kiwambo. Kimewambwa kama ngozi ya ngoma, juu yake kifua, chini yake tumbo. Ukivuta pumzi kinashuka, ukishusha pumzi kinapanda. Kwa mbele kimeshika mbavu, kwa nyuma kimeshika uti wa mgongo, jirani kabisa na misuli inayoinua paja. Kikigoma hiki, kiuno kinagoma, mbavu zinagoma, bega nalo linasema, mimi ni nani nifanye kazi peke yangu. Chako kimeshuka na hakijarudi. Umevuta pumzi, hujaishusha."

"Si napumua? Unaniona."

"Unapumua juu juu, kama anayechota maji kwenye mtungi uliojaa. Ile ya chini, yenyewe hasa, uliivuta lini?"

Kola alitazama bati la dari. Alikuwa mzoefu wa kutojibu. Nyumbani kwao swali jingine lilikuwa linaning'inia.

Lilining'inia kwenye boriti ya sebule, juu ya meza, usawa wa paji la uso wa mtu mzima. Lilikuwa la mama yake. Aliliuliza siku ya mazishi ya mdogo wake Kola, halikujibiwa, likabaki pale pale lilipotamkiwa. Lilikuwa na rangi ya moshi, gumu kama kibao cha kukatia mboga. Mama alilipangusa vumbi siku za usafi, pamoja na taa. Wageni waliinama wakapita. Jirani wa ukuta wa pili hakuliona kuwa kitu. Kwake analo dogo nyuma ya mlango, linahusu mahali alipolala mume wake, naye hulitundikia mwavuli.

Mwenye kiuno chake, swali kama hilo halimsumbui. Lakini Kola, kadiri mwili ulivyokaza, ndivyo kuinama kulivyomshinda, na kila akiingia na kila akitoka swali lilimgonga kwenye paji la uso. Ngo. Mahali hapo palishaota sugu. Mama, akiwa jikoni, aliisikia ile ngo, akaacha kukoroga kidogo, kisha akaendelea.

Swali lenyewe halikuwa refu. *Mlango ulikuwa wazi?*

Mdogo wake alishona vifungo katika kiwanda hicho hicho, cherehani ya pembeni yake, kwa hiyo wakamwita Kifungo. Jina lilimpendeza. "Wezi wakipewa kifungo wanalia," alikuwa akisema, "mimi nimepewa nikashangilia." Alikuwa na pumu. Kopo lake la dawa, lile la kuvuta kwa mdomo, lilikaa kwenye mkoba, na mikoba yote ilikaa nje ya ukumbi, ili shati lisije likaondoka limejificha humo. Mlango wa ukumbi ulifungwa kwa kofuli, kwa nje, mpaka kengele ilie. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi alikaa kwenye kiofisi cha vioo upande wa pili, anaona wote na wote wanamwona.

Siku hiyo joto la pasi na vumbi la nyuzi vilikutana kifuani mwa Kifungo. Alisema, "Dada, mlango." Kola akasimama, akavuta pumzi ya chini kabisa, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Msimamizi alikuwa anaongea na simu. Alimwona. Akainua kiganja: subiri.

Kola akasubiri. Alikuwa mfanyakazi mzuri. Msimamizi alimaliza simu yake akaja akafungua, lakini wakati huo Kifungo hakuwa na haja tena na mlango. Na katika pilikapilika iliyofuata, hakuna aliyekumbuka kumwambia Kola kwamba basi, asisubiri tena. Kiganja kiliinuliwa wote wakakiona. Kushuka kwake hakuna aliyekushuhudia. Pumzi ikabaki ndani.

Msimamizi alikuja mazishini na shada la maua. "Mlango ulikuwa wazi, mama," alisema. "Ni siku yake tu ilifika."

Mama akamgeukia binti aliyembakia. "Mlango ulikuwa wazi?"

Kola alimtazama msimamizi. Kiganja chake kilikuwa juu ya goti, kikainuka kidogo, kama cha mtu anayefukuza nzi. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mama mzee, na binti wa Kifungo aliyekuwa bado wa kunyonya, na riziki ilikuwa inatoka kwenye cherehani moja. Kola akanyamaza.

"Huyu ana kifua," msimamizi aliwaambia wenzake wakitoka, na baadaye akamhamishia kwenye cherehani mpya karibu na dirisha. Ni sifa, mtu kuambiwa ana kifua. Maana yake siri ikiingia kwake haitoki. Hakuna anayemuuliza mwenye kifua kama humo ndani anapata pa kupumulia.

Basi Mkandaji aliingiza ncha za vidole chini ya ukingo wa mbavu, kulia na kushoto. Kola alipovuta, mikono ilizinyanyua mbavu pamoja naye. Alipotoa, vidole vilizama kidogo, vikangoja hapo hapo, havikurudi nyuma. Vuta. Toa. Vidole vikazama tena. Kilichotangulia kutoka ni vumbi la nyuzi. Lilimtoka mdomoni jeupe, taratibu, likatua kwenye shuka na kwenye viatu vya Mkandaji. Likafuata joto la pasi, Mkandaji akafungua dirisha. Mwisho ikatoka kengele ya kiwanda, mlio mmoja mfupi, na kule koridoni mtu mmoja akainuka kwenye benchi akatafuta mkoba wake, akidhani zamu imekwisha.

"Kawaida," Mkandaji alisema, akichukua ufagio. "Juzi dereva alitoa honi. Amka uiname."

Vidole vya Kola viligusa magoti. Jioni ile, akiingia nyumbani, swali lilimgonga kwenye nywele badala ya paji. Mama aliusikia mlio umebadilika. Alichungulia kutoka jikoni, akamtazama binti yake, akarudi kwenye sufuria.

Mara ya pili walianza pale walipoachia. Vidole vilizama zaidi, na Kola alihisi kamba iliyokuwa imefungwa toka mbavuni hadi nyonga ikilegea fundo kwa fundo. Goti la kushoto likaanguka upande lenyewe, kama la mtoto aliyelala. Ndipo sauti ikasema, "Dada, sogeza mkasi."

Ilikuwa ya Kifungo, na kikohozi chake kidogo mwishoni. Ikacheka. Ikasema, "Suruali ya huyo msimamizi imeshonwa na adui yake."

Kola alimshika Mkandaji viganja. "Acha."

"Nimeacha."

"Ni mdogo wangu."

"Nimemsikia. Ana maneno."

"Amebaki kiasi gani?"

Mkandaji alipima kwa kidole. "Si sana. Yuko chini kabisa, ameikalia ile pumzi yako."

"Nikiishusha yote?"

"Atatoka."

"Atakwenda wapi?"

"Wanakokwenda wengine. Mimi ni wa viungo tu, dada."

Kola aliinuka mwenyewe, bila kushikwa kwapa, akafunga vifungo vya blauzi mpaka cha shingoni. Mkandaji alimwambia kwamba pumzi si chumba cha kupangisha. Kola akajibu kwamba kama ni chumba, aliyemo ni ndugu yake na hadaiwi kodi. Akaondoka. Siku yake ya kurudi ilipofika, hakurudi.

Alianza kujibana. Alipumua kidogo kidogo, kama anayepita kwa ncha za vidole karibu na kitanda cha mgonjwa. Hakupiga chafya. Hakuwapigia kelele wauza maji waliompunja. Jioni, mama akiwa jikoni, alikaa wima kwenye kiti akajibonyeza kidogo chini ya mbavu, na wakati mwingine alipata neno moja, "mkasi" au "adui", akaacha haraka asije akalimaliza. Mwili ukarudi ulikotoka, ukapita hata hapo. Shingo ikawa gogo. Mikono haikufika tena kwenye khanga ya kichwa, mama akawa anamfunga. Ngo, asubuhi. Ngo, jioni.

Binti wa Kifungo sasa alikuwa anatembea. Yeye peke yake katika nyumba ile alipita chini ya swali bila kuinama wala kujua kama lipo. "Mama mkubwa" lilikuwa refu kwa ulimi wake, kwa hiyo alisema "Makubwa", na wageni waliomsikia walidhani anashangaa jambo. Kila jioni alisimama mbele ya Kola akainua mikono. "Makubwa, beba." Kola alisema, "Njoo upande kiti, mwanangu." Mtoto hakutaka kiti, alitaka kubebwa. Alingoja na mikono yake juu mpaka ikachoka, akaishusha.

Jioni moja aliingia kutoka uani amejikwaa, goti linatoka damu. Alimtazama Kola aliyesimama wima kama nguzo. Kisha akampita, akaenda kuukumbatia mguu wa meza, akaulilia huo. Hakuinua mikono.

Kola alisimama pale. Alitaka kulia naye, lakini kulia kunahitaji kushusha pumzi.

Siku yake ya mapumziko iliyofuata alikuwa nje ya kile chumba kabla hakijafunguliwa.

"Umerudi," Mkandaji alisema.

"Nimerudi."

"Yote?"

"Yote. Ila polepole, nimsikie."

Alilala chali. Vidole vya moto vikaingia chini ya mbavu, vikangoja, vikazama, vikangoja. Katika chumba cha pili mashine ya mashuka ilikuwa inazunguka. Kifungo alisema habari ya mkasi. Alisema habari ya suruali. Aliuliza kama mtoto ameachwa na maziwa ya kutosha. Alilalamika juu ya kifungo cha bluu kilichovingirika chini ya cherehani. Kisha pumzi yake ikaanza kupiga filimbi, ile filimbi nyembamba ya pumu, na Mkandaji akapunguza nguvu bila kutoa mikono.

"Dada," sauti ikasema. "Mlango."

Kola akashusha pumzi.

Ilitoka kwa muda mrefu. Kiwambo kilipanda, mbavu zikashuka kama watu wanaokaa baada ya kusimama ibada nzima, mabega yakagusa kitanda, na juu ya pumzi hiyo yakatoka maneno mawili kwa sauti ya zamani ya Kola, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara: "Fungueni mlango!"

Mlango wa chumba ukafunguka. Ya koridoni ikafuata, na kabati la dawa, na geti alilokuwa akilinda mzee mmoja aliyesinzia. Maneno yakatoka nje yakashika barabara. Maduka yalifunguka, na magari yaliyoegeshwa, na mabanda ya kuku. Kwenye choo cha stendi watu walionekana walivyokaa, wakavuta milango yao wakaendelea. Mke wa mtu alikuta kabati la mumewe wazi, akaona alichokiona. Watu walifunga vya kwao, wakasema ni upepo.

Kiwandani, kofuli lilianguka na mlango wa ukumbi ukafunguka mpaka ukutani. Hewa iliingia, vipande vya kitambaa vikapeperuka mezani. Wafanyakazi waliuona uwanja, na mikoba yao imepangwa kwenye rafu. Waliitambua sauti pia, maana wengi walifanya kazi jirani nayo. Hakuna aliyeinuka. Kengele ilikuwa bado. Msimamizi alikuja, akaliokota kofuli, akaligeuza-geuza, akasema, "Limechoka hili." Akafunga.

Mkandaji alimpa Kola kitambaa cha kujifuta uso. Kola alijibonyeza chini ya mbavu kwa vidole vyake. Palikuwa laini. Alibonyeza tena, kwa kina, akasikiliza. Hapakuwa na mtu.

"Inama," Mkandaji alisema.

Viganja vyake vililala sakafuni. Alikaa hivyo, kichwa chini, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mkandaji hakumharakisha.

Kesho yake alikuta fundi wa kuchomelea anaongeza komeo la pili kwenye mlango wa ukumbi, la chuma, nene kama mkono wa mtoto. Waliingia, likafungwa. Mwezi ulikuwa umefika ukingoni, na msimamizi alikuja mpaka mezani kwake, akaangusha kipande cha kitambaa. Kola alikunja kiuno, akakiokota, akakiweka mezani, akakinyoosha.

"Umepona," msimamizi alisema.

"Nimepona."

"Jana kulikuwa na kelele hapa. Upepo." Alimtazama. Kiganja chake kilikuwa kwenye ukingo wa meza, kimelala. "Wewe nakuaminia. Una kifua."

Kola aligeuza ncha ya kola, ikachongoka. Upande wake wa kulia, mtu mpya alikuwa anashona vifungo. Alikuwa anakohoa.

Jioni alifika nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Mtoto alikuwa sakafuni na mwiko, akamwona Kola akiinama kumvua kiatu alichokivaa mguu usio wake, kisha akiinama tena, na kumnyanyua, na kumpandisha nyongani. Mtoto alishika uso wake kwa mikono yote miwili akauchunguza, kama anayehakikisha ni yule yule. "Makubwa," alisema.

"Makubwa kweli," Kola alijibu.

Akaelekea ndani. Mbele ya meza lile swali lilikuwa linangoja usawa wa paji la uso, na mwili wake, uliokuwa mwepesi sasa, ukaanza wenyewe kuinama ili upite, kama walivyopita wageni wote, kama alivyopita mama kila siku na sufuria mkononi. Ilikuwa rahisi. Angeweza kuinama hivyo maisha yake yote na asiguswe tena.

Jikoni, mama aliacha kukoroga. Alikuwa anaingoja ile ngo.

Kola alijinyoosha. Alisimama wima, mtoto nyongani, paji la uso limegusa lile gumu la rangi ya moshi. Akavuta pumzi ya chini kabisa.

"Ulikuwa umefungwa, mama," alisema. "Na leo pia nimeuacha umefungwa."